Makofi ya Kufunika Kikohozi

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, nayo ilikuja mwishoni mwa pumzi, pale ambapo mtu mwingine angesikia kimya tu. Ilifanana na jani kavu la mgomba linalokunjwa taratibu na mtu asiyetaka kusikika. Nilikuwa nimeketi katika chumba changu cha kupanga mjini Kisii, hedifoni masikioni, nikisikiliza mahojiano niliyomfanyia profesa wangu. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kusema kwamba mama yake aliuza vyungu katika soko la Magwagwa. Akavuta pumzi ili aendelee. Jani likakunjwa.

Nilirudisha nyuma, nikasikiliza tena. Kisha nikafanya jambo ambalo hufanywa na watu wa fani yetu pekee, na ambalo kwa mwingine yeyote lingeonekana ni kichaa: nilishika nywele zangu karibu na sikio, nikazisugua kati ya vidole viwili. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa kuitambua sauti ya mapafu yaliyoanza kuingia makovu. Sauti ya nywele na sauti ya kwenye hedifoni zilikuwa ndugu wa damu. Aliyetufundisha mbinu hiyo ni profesa huyohuyo, na kwa miaka yote aliyoifundisha sidhani kama aliwahi kufikiri kwamba ingekuja kutumika dhidi yake.

Mahojiano yale yalikuwa ya heshima. Chama cha madaktari wa kifua wa sehemu zetu kilikuwa kimeamua kumtunuku tuzo kwa mchango wake katika tiba ya kifua na utafiti wa magonjwa ya mapafu, na mimi, mwanafunzi wake wa uzamili, nilipewa kazi ya kuandika maneno ya kumsifu na kutayarisha filamu fupi ya kuonyeshwa siku hiyo. Waliniambia wamenichagua kwa sababu ninaandika kwa uangalifu. Naamini walinichagua kwa sababu sijui kukataa.

Kusifu halikuwa jambo gumu. Profesa alitumia sehemu kubwa ya maisha yake jikoni mwa watu wengine. Alizunguka Kisii na Nyamira na kifaa cha kupimia moshi, akiketi kwenye kigoda kando ya akina mama waliokuwa wakisonga ugali, macho yakimtoka machozi, akiandika. Wanafunzi wake tulivaa barakoa. Yeye hakuvaa. Alisema mgeni hawezi kuingia jikoni kwa mama wa watu akajifunika pua, kana kwamba mwenyeji ananuka. Sisemi kwamba moshi huo ndio uliomdhuru. Yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kunikemea kwa kuruka kutoka kwenye dalili hadi kwenye chanzo bila daraja katikati. Nasema tu kwamba hakuvaa.

Nikaanza kujitetea, au tuseme kumtetea. Kinasa sauti kilikuwa kimebanwa kwenye kola ya shati lake, na shati lilikuwa limepigwa wanga. Huenda nilichosikia ni shati. Lakini shati hulia mtu anapojigeuza, na yeye alikuwa ametulia. Tena shati lingelia wakati wa kutoa pumzi pia, na sauti hii ilikuja wakati wa kuvuta peke yake. Hoja hizo hazikunitosha. Niliazima shati la kaka yangu, nikalipiga wanga, nikalivaa, nikabana kinasa sauti kwenye kola, nikaketi kitandani nikivuta pumzi kama mtu anayejiandaa kuimba. Baadaye nilisikiliza. Shati lilikuwa kimya kabisa.

Sasa msomaji atauliza, kwa nini usimwambie? Nami nilijiuliza, mara nyingi kuliko inavyofaa kwa afya. Makovu ya mapafu hayafutiki. Kinachowezekana ni kuyachelewesha, na kuchelewesha hakuna maana kama hakukuanza mapema. Kila wiki ya kukaa kimya ilikuwa wiki ya kwake, si ya kwangu.

Lakini sisi Wagusii tuna adabu tuiitayo chinsoni. Ndiyo inayomzuia mtoto kuingia chumba cha kulala cha baba yake, na kuzungumzia mwili wa baba kana kwamba baba ana mwili. Baba akipungua uzito, mtoto haoni. Baba akipumzika mara tatu kupanda kilima kimoja, mtoto husimama akasifu mandhari. Na baba si yule aliyekuzaa tu. Ni kila mwanamume wa rika lake. Profesa aliniita binti yangu tangu siku ya kwanza aliponisimamia. Zaidi ya hayo, tasnifu yangu ilikuwa mezani kwake ikingoja sahihi, jambo ambalo si la chinsoni ila lilishirikiana nayo vizuri.

Nilijipa moyo kwamba haitanilazimu mimi. Mbele yangu walikuwapo wataalamu, watu wenye stetoskopu ghali na miaka mingi ya kuzitumia. Kamati nzima ya tuzo ilikuwa ya madaktari wa kifua. Wao wangesikia.

Walisikia. Tulikutana katika kliniki ya mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mtaalamu wa mapafu ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi wa profesa kabla sijaanza shule ya msingi. Niliwawekea filamu kwenye kipakatalishi. Profesa alizungumza, akakohoa, akazungumza, akakohoa tena, kikohozi kikavu kisichotoa kitu. Filamu ilipokwisha, kila mmoja alipata kitu cha kutazama mezani.

"Picha ni safi," alisema mweka hazina. "Na ile sehemu ya vyungu imenigusa sana."

"Imetugusa sote," alisema mwenyekiti. "Ila mwanangu, hapo katikati pana kelele."

"Kelele gani, Daktari?"

"Kelele tu. Ya mashine."

"Ni profesa anakohoa, Daktari."

Mweka hazina alivua miwani yake, akaanza kuipangusa kwa tai.

"Hata kama," alisema mwenyekiti polepole. "Kelele ni kelele. Itoe."

"Na pumzi? Mwishoni mwa pumzi kuna..."

"Binti," alinikatiza, naye alikuwa amenitazama sasa, na nikaona kwamba alikuwa ameisikia muda mrefu kabla yangu, pengine mwaka mzima. "Yule ni baba yetu. Ndiye aliyenifundisha mimi kushika stetoskopu. Unataka niende nimwambie avue shati? Acha kwanza apokee tuzo. Tukimwambia sasa, sherehe itageuka matanga. Baadaye tutaona."

"Nani ataona?"

"Tutaona," alisema mweka hazina, akavaa miwani.

Kisha wakaendelea na mambo ya ukumbi. Walikuwa wameuhamisha kutoka ghorofa ya tatu ya hoteli hadi ile ya chini, kwa ajili ya kurahisishia wageni, walisema. Hakuna mgeni aliyekuwa na taabu ya kupanda ngazi isipokuwa mmoja. Nilielewa basi kwamba kila daktari wa kifua katika kaunti zetu mbili alikuwa ameshampima profesa kimoyomoyo, ameshapata jibu, na ameshaagiza tiba: ukumbi wa chini.

Nikaenda nyumbani nikatoa kelele. Kazi hiyo ilinichukua alasiri nzima. Nilikata kila kikohozi, nikaunganisha sentensi kwa ustadi, nikapunguza kila pumzi hadi jani likanyamaza. Nilipomaliza, profesa alizungumza kwa ulaini wa mtu asiyehitaji hewa. Ilikuwa kazi yangu nzuri kuliko zote nilizofanya katika fani ya mapafu, na ilikuwa ni kufuta dalili za ugonjwa wa mapafu katika filamu ya kusifu utafiti wa mapafu.

Tuzo nayo ilikuwa na hadithi yake. Kamati iliagiza mapafu mawili yaliyochongwa kwa jiwe laini la Kisii, la rangi ya waridi. Fundi alichonga vizuri, kwa ustadi, na alichochonga ni figo. Hapakuwa na shaka: maharagwe mawili makubwa yaliyopeana migongo, kila moja na kibonyeo chake ubavuni. Yalipofunguliwa kutoka kwenye gazeti mbele ya kamati, madaktari wale walikaa wakiyatazama.

"Yanang'aa," alisema mwenyekiti mwishowe.

"Sana," alisema mweka hazina.

Ndiyo hayo yaliyopelekwa ukumbini, yamefunikwa kitambaa cheupe.

Siku ya sherehe profesa alifika mapema ili, nadhani, asionekane akitembea. Alikuwa amevaa suti ya kijivu iliyokuwa imemkaa vyema zamani. Filamu yangu ilionyeshwa, ikasifiwa kwa usafi wa sauti. Maneno yangu yalisomwa na mwenyekiti: kwamba profesa ametufundisha kusikiliza, kwamba kwa sababu yake hakuna pumzi katika milima yetu ipitayo bila kusikika. Niliyaandika mimi mwenyewe na nikayasikia yakisomwa, na nikatamani kuingia chini ya meza.

Kisha yeye akasimama kujibu. Alishukuru. Alipokea figo zake, akazitazama kwa muda, akaziweka juu ya meza kwa heshima kubwa. Akaanza kusema kile alichosema maisha yake yote, mashuleni, makanisani, redioni.

"Mtu akikohoa zaidi ya wiki mbili," alisema, "asingoje. Asione haya. Aende akapimwe, na kama haendi, walio karibu naye wampeleke. Kwa maana..."

Hapo kikamshika. Kilimkamata katikati ya neno, kikamwinamisha, mkono mmoja ukashikilia ukingo wa meza. Kisha mwenyekiti akainuka, akaanza kupiga makofi. Mweka hazina akainuka. Meza ya kwanza, meza ya pili, ukumbi mzima ukasimama, madaktari wa kifua kwa safu, wakipiga makofi kwa nguvu, kwa machozi, na kadiri kikohozi kilivyozidi ndivyo walivyozidisha, hadi sauti yake ikamezwa kabisa na tukabaki kumwona tu, mabega yakitikisika, kama mtu anayecheka. Mama mmoja akapiga vigelegele. Mimi pia nilipiga makofi. Viganja viliniwasha hadi nilipofika chumbani kwangu.

Alipotulia, alipangusa midomo kwa leso, akasema, "Asanteni, asanteni," na akaketi. Ile sentensi iliyoanza na "kwa maana" hakuimaliza. Mgeni mmoja kutoka Nairobi aliniambia tukila pilau kwamba hajawahi kuona mwalimu anayependwa namna hiyo.

Kesho yake, Jumapili, nilikwenda kwetu Manga kumwona nyanya yangu, mama yake baba. Sikwenda kutafuta ushauri. Nilikwenda kwa sababu kwake huwa ninalala mchana bila kuulizwa. Nilimkuta jikoni, moshi umetanda hadi kwenye nyuso za mbuzi waliofungwa pembeni. Jiko lake lina dohani ya kutolea moshi, moja ya zile zilizojengwa chini ya mradi wa profesa. Ameiziba kwa gunia kwa sababu, asema, mvua huingia.

"Nyanya, toa hilo gunia."

"Moshi huu ndio uliomsomesha baba yako," alisema kwa Ekegusii, lugha tuzungumzayo nyumbani. "Nawe unasomea moshi huuhuu. Nikiutoa utasomea nini? Keti. Mmekula nini huko kwenye karamu yenu?"

"Pilau."

"Na nyama?"

"Na nyama."

"Na mimi hamkuniita."

"Haikuwa yangu, nyanya. Ilikuwa ya profesa wangu."

"Huyo wa Nairobi."

"Si wa Nairobi. Ni wa Magwagwa."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Miaka yote ile nilikuwa nikimwita Profesa tu, na kwa nyanya kila mwenye cheo ni mtu wa Nairobi hadi ithibitishwe vinginevyo.

"Magwagwa kwa nani?" aliuliza. Yeye mwenyewe alizaliwa huko kabla ya kuolewa Manga.

Nikamweleza nilichokijua kutokana na mahojiano: mama aliyeuza vyungu, nyumba iliyokuwa nyuma ya kinu cha kusagia, baba aliyekuwa mfua chuma. Nyanya alianza kucheka kabla sijamaliza. Alicheka akajipiga paja.

"Yule! Aliyekuwa na kichwa kama kiazi kitamu! Nilimbeba mgongoni mimi, huyo, mama yake alipokwenda sokoni. Alikuwa akilia kama beberu. Babu yake na babu yangu walizaliwa nyumba moja. Mimi na yeye ni ndugu." Kisha uso wake ukabadilika, akawa mkali. "Ndugu yangu anapewa zawadi, watu wanakula nyama, na mimi nimeketi hapa na mboga! Nani aliyeandika majina ya wageni?"

Lakini mimi nilikuwa nimekwama nyuma.

"Ni ndugu yako? Kwa hiyo kwangu mimi ni nani?"

"Unaniuliza? Na shule yote hiyo? Ndugu yangu kwako ni nani kama si babu?"

Msomaji asiye wa kwetu huenda asione kwa nini neno hilo lilinibadilishia kila kitu. Chinsoni iko kati ya mzazi na mwana. Kati ya babu na mjukuu haipo kabisa. Hapo pana utani, tena utani usio na breki. Mjukuu anaweza kumwambia babu kwamba amezeeka, kwamba ananuka ugoro, hata kumwuliza atakufa lini ili arithi kigoda chake, na babu asipocheka ndiye atakayeonekana hana adabu. Kwa miezi nilikuwa nimefungwa mdomo na hesabu iliyokosewa.

Bila shaka nilianza kuikagua hesabu mpya. Je, undugu wa babu wawili waliokwisha kufa zamani unatosha? Je, adabu ya ukoo inaingia chuoni, au inaishia langoni? Kama inaishia langoni, basi hata ubaba ulikuwa umeishia huko, na nilikuwa nimenyamaza bure. Na kama nyanya amekosea mtu, nitakuwa nimemtania baba wa watu.

"Nyanya, una hakika?"

"Muulize alama iliyo nyuma ya goti. Alianguka nikiwa nimembeba, juu ya kigae cha chungu. Nilipigwa mimi." Akapunga mwiko kuelekea mlangoni. "Mpigie. Mwambie nadai nyama yangu."

Nilitoka nje hadi kwenye njia ya miguu inayopita ukingoni mwa mlima, mahali ambapo simu hushika vizuri na ambapo chini yako unaona mashamba ya watu hadi mbali. Nilijiandikia kichwani ufunguzi wa heshima wenye vishazi vinne. Ikaita. Akapokea.

"Binti yangu," alisema. "Hujambo?"

"Sijambo, babu."

Nilisikia redio kwake ikipunguzwa.

"Umesemaje?"

"Nimesema babu. Niko Manga kwa nyanya yangu. Anasema alikubeba mgongoni, ulikuwa unalia kama beberu, na una alama ya kigae nyuma ya goti. Anadai nyama."

Kabla hajajibu nilipata muda wa kutosha kupoteza tasnifu, kazi na jina la ukoo. Kisha akauliza kwa Ekegusii, lugha ambayo hakuwahi kuitumia nami hata mara moja, "Yule msichana aliyeolewa mlimani? Bado yu hai?"

"Yu hai na ana hasira. Na babu, kuna jingine. Umezeeka vibaya. Unapumua kama mtu anayekunja majani makavu ya mgomba. Jana ulikohoa mbele ya madaktari wa kifua wa kaunti mbili, wakakupigia makofi. Wote wanakuogopa, kwa kuwa wote ni watoto wako. Mimi si mtoto wako, nimeambiwa leo. Kwa hiyo nakuambia."

Alicheka. Kicheko kilianza vizuri kisha kikavunjika, kikawa kile kikohozi kikavu, kirefu. Safari hii hapakuwa na mtu wa kupiga makofi. Niliweka simu sikioni nikakisikiliza chote, hadi mwisho wake, na hadi mwisho wa pumzi iliyokifuata.

"Wale watoto," alisema aliporudiwa na sauti, "kuna yeyote kati yao aliyeona kwamba mlinipa figo?"

"Waliona wote, babu."

"Na mimi niliona. Nikashukuru." Alivuta pumzi. "Haya. Sauti unayoisema. Upande gani?"

Lilikuwa swali la mtihani, kwa sauti yake ya mtihani, na mgongo wangu ulinyooka wenyewe.

"Kwenye simu siwezi kujua upande. Ni wakati wa kuvuta, mwishoni mwa pumzi. Haibadiliki baada ya kukohoa."

"Ungeshuku nini?"

Nikamwambia. Sikulainisha. Hakushtuka, na hapo nilielewa kwamba hakuna nililomwambia ambalo hakulijua. Alichokuwa hana ni mtu wa kumwambia.

"Ungefanya nini?" aliuliza.

"Skani ya kifua. Kesho asubuhi, si baada ya sherehe nyingine."

"Kesho asubuhi," alirudia. "Basi pitia hapa unichukue, tuende pamoja. Na uje na stetoskopu yako, mjukuu wangu. Unisikilize kwanza wewe. Sitaki kuvua shati mbele ya watoto."